Jumapili Waliyomwita Rasmus Overgaard

Jumanne tumemzika Rasmus Overgaard. Wasemaji walipanda mimbarini mmoja baada ya mwingine wakamsifu mpaka nikadhani nimeingia mazishi ya mtu mwingine. Alikuwa mmisionari Denmark mara mbili. Alichaguliwa mjumbe wa baraza la jimbo wakati Utah ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu iwe jimbo. Alichimba mfereji wa kusini, alipiga fidla kwenye harusi zetu, hakuwahi kumpiga ng'ombe wake. Yote ni kweli. Ila Jumapili ile hakuna aliyeigusa. Waliizunguka kama mtu anavyozunguka mbwa mkali aliyelala mlangoni.

Mkewe, Kirstine, alikuwa benchi la mbele na kofia yake nyeusi, macho makavu. Msemaji wa mwisho alipokaa, Kirstine aligeuka akaniambia kwa sauti ambayo watu wa benchi la tatu waliisikia vizuri, "Wamemzika nusu."

Basi nusu iliyobaki nitaiandika mimi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya Kirstine, na mkono wake niliuona kabla ya askofu kuuona.

Rasmus aliletwa huku akiwa mtoto. Wazazi wake walibatizwa Jutland, huko Denmark, wakavuka bahari na Watakatifu wengine, Wamormoni kama sisi, wakatembea nyikani nyuma ya gari la ng'ombe mpaka bonde letu la Sanpete, ambako Wadenmark tumejazana hivi kwamba ukiita Rasmus barabarani wanageuka wanaume saba na punda mmoja. Ndiyo maana kila mtu hapa ana jina la utani. Huyu wetu tulimwita Rasmus Dirisha. Hakuweza kuvumilia joto la jiko la kuni linalopasha kanisa, kwa hiyo tangu ujana alikaa upande wa kaskazini, chini ya dirisha linalovuja upepo, na hata katikati ya Januari utamwona anajipepea kwa kofia.

Alimwoa Kirstine, binti wa fundi viatu. Na kabla hujauliza: mke mmoja tu. Aliwahi kushauriwa aongeze wa pili, Kirstine akasema aongeze tu, ila amtafutie huyo wa pili na mume wa kukaa naye. Mazungumzo yaliishia hapo.

Walikuwa na watoto wawili, Laurits na mdogo wake Dorthea, ambaye alikuwa bado ananyonya siku Rasmus alipoitwa mara ya kwanza.

Nieleze ilivyokuwa, kwa kuwa vijana wa leo wameanza kusahau. Siku zile hukuulizwa. Hukupewa hata dokezo. Ulikuwa umekaa kwenye benchi lako unawaza ng'ombe aliyevimba kiwele, askofu anasimama na kusoma: Ndugu fulani ameitwa kwenda misheni Denmark, wanaokubali waonyeshe kwa kuinua mkono wa kuume. Mikono yote inapanda. Wako pia unapanda, na wa mkeo, kwa kuwa mkono umeshazoea, unapanda wenyewe. Kisha askofu anauliza, kuna anayepinga, lakini anauliza huku ameshageuza karatasi, maana tangu bonde hili lipate watu hakuna aliyewahi kupinga. Baada ya hapo unauza kondoo, unapata nauli, unaondoka kwa miaka miwili au mitatu. Watu wanakwambia usiwe na wasiwasi, familia yako ni familia yetu.

Kirstine aliinua mkono siku hiyo kama wengine. Rasmus akaenda.

Familia yako ni familia yetu. Mwaka wa kwanza walikuja kweli, wakakata kuni wakapanga vizuri. Mwaka wa pili kila mtu alikuwa na shamba lake. Kirstine alilima mwenyewe, Dorthea akiwa amefungwa kwa shali mgongoni. Zamu yake ya maji, saa za kufungulia shamba lake mfereji, ilipofika, hata kama ilikuwa kabla ya mapambazuko, alikuwa mferejini na koleo, sketi ameikunja mpaka magotini, na wanaume waliokuwa na zamu baada yake walisimama wakimtazama wasije wakapunjwa.

Katika mwaka huo wa pili likaja dondakoo. Laurits akaugua siku tatu akafa. Barua za kutoka Denmark zilikuwa zinachelewa, kwa hiyo mtoto alikuwa ameshazikwa muda mrefu na baba yake bado anaandika: mnunulie Laurits viatu, najua miguu yake imekua. Kirstine alikuwa akipokea maneno hayo posta, mbele ya watu, anayasoma, anayakunja, anarudi shambani. Sikumwona akilia. Nilimwona akipiga udongo uliokuwa umeshalainika.

Rasmus aliporudi, tulimpokea kwa bendi. Alipofika kwake alimnyooshea Dorthea mikono. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Jioni nzima alimchungulia baba yake akila, na kwa vile kanisani wanaume wote tunawaita Ndugu, akamvuta mama yake nguo na kumwuliza, "Mama, huyu Ndugu anaondoka saa ngapi?"

Rasmus aliweka kijiko chini. Kirstine aliniambia hakukishika tena usiku ule.

Sasa nije kwenye siasa, ambayo huku kwetu iliingia kwa njia ya jiko.

Zamani Watakatifu wote tulikuwa chama kimoja, chetu wenyewe. Serikali ya Washington ikasema hamtapata jimbo mkiendelea hivyo, gawanyikeni kama watu wengine wa nchi hii, muwe Warepublikan na Wademokrati. Askofu wetu Mads Frandsen alikuwa mtu wa kutii na wa kumaliza mambo haraka. Alisimama Jumapili, akatazama njia ya katikati ya mabenchi, akasema upande wa jiko ni Warepublikan, upande wa dirisha ni Wademokrati, tuimbe wimbo wa kufungia.

Sikutanii. Ndivyo tulivyopata vyama.

Kirstine alikuwa upande wa jiko kwa ajili ya Dorthea, ambaye kila baridi alikohoa. Akawa Mrepublikan. Rasmus, chini ya dirisha lake, akawa Mdemokrati. Wengine walibadilishana viti wiki iliyofuata kimyakimya. Rasmus alikataa kusogea. Alisema kama Mungu amemweka kwenye upepo basi chama chake ni cha upepo. Akasoma magazeti, akajifunza hoja, na kwa vile alishazoea kuhubiri njiapanda huku akitupiwa mayai, hakuna mpinzani aliyemtisha. Mezani kwao walikuwa wanabishana mpaka supu inapoa. Kirstine alikuwa anamwita "Mheshimiwa Dirisha," naye anamwita "Mama wa Jiko," na Dorthea akiulizwa yeye ni chama gani alikuwa anasema yeye anakohoa tu.

Uchaguzi wa mwaka 1896 ukafika, na sisi wanawake tukapiga kura. Rasmus aliomba kiti cha baraza la jimbo kwa ahadi moja: sheria ya kuwalinda watu wa mwisho wa mfereji, ambao kila kiangazi wanabaki na tope wakati wale wa juu wanaogesha bata. Askofu Frandsen, wa upande wa jiko na wa sehemu ya juu ya mfereji, hakufurahi. Tena alilalamika kwamba Rasmus hakumwomba ruhusa ya kugombea. Rasmus alimjibu kwamba askofu ndiye aliyemfanya Mdemokrati, sasa ashangae nini.

Alishinda. Kirstine hakumpigia kura, na alimwambia hivyo waziwazi wakati anamkaanga samaki wa kusherehekea. Baraza lilikuwa linaanza Januari.

Jumapili moja ya Desemba, theluji imefika kwenye vizingiti, Askofu Frandsen akasimama na karatasi. Akakohoa. Akasoma kwamba Ndugu Rasmus Overgaard ameitwa kwenda misheni Denmark, aondoke kabla ya mwisho wa Januari.

Watu walitazamana. Majina hutoka Salt Lake, makao makuu ya kanisa, hilo tunalijua, lakini Salt Lake haiwezi kujua kwamba kuna Rasmus Dirisha Sanpete kama hakuna mtu aliyelipeleka jina. Kila mtu alifikiri alichofikiri. Na bado askofu aliposema wanaokubali waonyeshe, mikono ikapanda, upande wa jiko na upande wa dirisha, wote. Rasmus naye nilimwona. Uso ulikuwa mweupe kama ukuta, midomo imekauka, na mkono wa kuume uko juu.

"Kuna anayepinga?" askofu akasema, karatasi ameshaigeuza.

Mbele yangu, mkono wenye glavu ya kahawia iliyoshonwa kidole gumba ukapanda. Haukupanda haraka. Ulipanda kama ndoo inayovutwa kisimani, ukakaa juu.

Mtoto mmoja aliyekuwa akilia akanyamaza, sijui kwa nini. Karani aliyekuwa anaandika akabaki na kalamu hewani mpaka wino ukadondoka. Niseme kweli, kama paa lingeanguka tungeshtuka kidogo kuliko vile. Nilijikuta nimeshika benchi kwa mikono miwili.

Askofu alidhani mama amechelewa. Akamwambia kwa upole, "Dada Overgaard, tumeshapita hapo. Hii ni ya wanaopinga."

"Najua tulipofika, Askofu," Kirstine akasema.

Frandsen akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akamwambia kwamba mwenye neno anakuja kuliongea faragha baada ya ibada. Kirstine akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku ile nilimwona kama amepanda juu ya kitu.

"Yeye ameitwa mbele ya watu," akasema. "Na mimi nitasema mbele ya watu."

"Dada, kama hii ni siasa..."

"Siasa? Mimi ni wa upande wa jiko kama wewe. Ningekuwa nafanya siasa ningemfungia mizigo mwenyewe, kiti kirudi kwetu."

Kuna mtu wa upande wa dirisha alicheka, halafu akajifanya anapiga chafya. Rasmus alikuwa amemgeukia mkewe na mkono wake bado uko juu, amesahau kuushusha.

Kirstine hakupiga kelele. Aliongea kama anayeagiza unga dukani. Alisema hana ugomvi na Bwana. Mara ya kwanza naye aliinua mkono, na hajuti, kwa kuwa kuna watu Jutland waliopata imani kwa mdomo wa Rasmus. Lakini alitaka kuuliza kuhusu mikono. Ile mikono iliyopanda mara ya kwanza ilikuwa mizuri, mingi, ilijaza nyumba. Ilikwenda wapi wakati wa kuvuna? Ilikuwa wapi alipochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda yeye na kaka yake, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na ugonjwa na watu waliogopa? Hakuwalaumu kwa kuogopa, alisema, yeye pia angeogopa. Ila mkono unaoogopa usiinuke haraka hivyo kupeleka mume wa mtu.



"Kwa hiyo naomba kura ipigwe tena," akasema. "Lakini safari hii ainue mkono yule tu ambaye mkono huohuo utakuja shambani kwangu. Kulima, kuvuna, na zamu ya maji. Ikipanda, nashusha wangu, na Rasmus aende na baraka zangu."

Askofu angeweza kufunga ibada. Mpaka leo sijui kwa nini hakufunga. Nadhani alikuwa na hakika. Alituamini, maskini, alidhani mikono itajaa na mwanamke ataaibika na kukaa. Akasema, vizuri, wanaokubali kwa masharti ya Dada Overgaard waonyeshe.

Hakuna.

Nasema hakuna hata mmoja. Nyumba iliyojaa wanaume wenye mabega ya kubeba magunia, kila mtu anatazama magoti yake. Kuni zilipasuka ndani ya jiko na watu wakaruka. Frandsen alitazama upande wa jiko, akatazama upande wa dirisha, na ule wekundu ukamtoka shingoni mpaka akabaki kama aliyepokea habari za msiba. Naye mikono yake ilikuwa imeshika mimbari. Nilitazama. Haikupanda.

Halafu benchi likalia upande wa dirisha. Rasmus alikuwa amesimama, na mkono wake uko juu tena.

"Ndugu Overgaard," askofu akasema, na sauti haikuwa yake, "wewe umeshapiga kura. Umekubali kwenda."

"Ule niliinua kama nilivyozoeshwa," Rasmus akasema. "Huu nimeufikiria. Umeuliza mkono utakaolima kwa Kirstine. Ni huu."

"Unakataa wito?"

"Najibu swali lako, Askofu. Hakuna mwingine aliyelijibu."

Kirstine akashusha mkono wake, akakaa, akaanza kumfunga Dorthea kofia kama vile ibada imekwisha. Na ikawa imekwisha. Tuliimba wimbo wa kufungia, kila mtu kwa sauti yake na mwendo wake, tukatoka kwenye theluji bila kupeana mikono.

Kukataa wito. Wewe unayesoma pengine huoni uzito wake. Kwetu ilikuwa kama mtu kusimama harusini mwake na kuondoka na kitanda. Watu walisema atatengwa na kanisa. Hakutengwa, askofu hakupeleka shtaka lolote, na hilo nalo lilitushangaza. Ila kulikuwa na watu waliovuka barabara wakimwona. Fidla yake ilikaa ukutani mwaka baada ya mwaka, maana hakualikwa popote, na harusi za miaka hiyo watu walicheza kwa kinanda kibovu wakikanyagana vidole.

Januari alikwenda Salt Lake kwenye baraza, kwa kuwa baraza hukaa wakati wa theluji na mashamba yamelala. Kirstine alimpakia jibini na mkate wa shayiri nyeusi. Alirudi Machi na sheria ya mfereji mfukoni, imepita kwa tabu, na kesho yake asubuhi alikuwa nyuma ya farasi analima. Alilima kila mwaka. Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya. Walioshiba maji kwa sheria yake walimkataa kwa sababu alimkataa askofu. Nilimwuliza kama inamuuma. Alisema inamuuma sana, halafu akaniomba nimshikie hatamu.

Miaka ikapita. Dorthea aliolewa, na siku hiyo fidla ilishuka ukutani.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwanzo wa 1903. Nilikuwa jikoni kwa Kirstine nimefuata chachu ya mkate. Mlango ukabishwa. Askofu Frandsen, mzee sasa, kofia mkononi, theluji kwenye ndevu. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu Jumapili ile. Nilitaka kuondoka, Kirstine akanikazia jicho nikae. Akamvutia askofu kiti, akamwekea vibumunda vya mviringo vilivyotoka kikaangoni, na akammiminia kile kinywaji cheusi cha buni ambacho Watakatifu hatunywi. Askofu alikitazama, akakinywa.

Walizungumza kwanza habari za baridi na za kondoo. Kisha akasema, "Kirstine, nina jina. Halijasomwa popote. Nimeona nipite hapa kwanza."

"Jina la nani?"

"La Rasmus. Na kama utakubali, la kwako pia. Siku hizi wake wanaitwa."

Kirstine aliendelea kugeuza vibumunda kwa sindano ya kufumia. Hatimaye akauliza swali lilelile la Jumapili ile, bila kugeuka.

"Zamu yangu ya maji atashika nani?"

"Mimi," Frandsen akasema.

Sasa aligeuka. Alimtazama mzee yule mwenye mgongo uliopinda, kikaango kinaanza kuungua nyuma yake. "Na wewe unajua zamu yangu ni saa ngapi?"

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Jumapili majina yalisomwa, yote mawili. Askofu alipouliza wanaokubali, alikuwa wa kwanza kuinua mkono, naye aliunyanyua juu kabisa. Rasmus na Kirstine walikaa Jutland miaka miwili. Nasikia Kirstine aliwageuza moyo wenye shingo ngumu wengi kuliko Rasmus, kwa kuwa aliingia jikoni kwao na kuosha vyombo kwanza.

Tangu wakati huo maaskofu wetu wote hupitia jikoni kwa mke kabla ya kusoma jina. Wageni hudhani ni agizo la Salt Lake.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kiangazi kile cha kwanza walipoondoka. Nilifungua pazia mapema, bado kuna ukungu, nikaona mtu kwenye mfereji wa Overgaard. Suruali imekunjwa magotini, buti zimejaa tope, koleo mkononi, anahema. Kwenye kila nyumba ya barabara ile pazia lilikuwa limesogezwa kidogo. Hakuna aliyetoka. Tulisimama nyuma ya madirisha yetu, midomo wazi, tukimtazama Askofu Mads Frandsen akiinua ubao wa kufungia maji kwa mkono wake wa kuume.